Sikio Lako na Kahawa Yangu

Edina mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua, pembeni ya kichanja cha kahawa, kwenye daftari lako la fizikia uliloliacha na kurasa nyeupe mwishoni. Jua bado lipo. Umekwenda kumuaga bibi yako na wanakwaya wenzako, na ninavyokujua hutarudi kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo muda ninao, na kisingizio sina.

Sitakuandikia habari za kufua, kula, kuamka mapema wala marafiki wa kuepuka. Shangazi yako amekwisha kukusomea orodha hiyo mara tatu tangu Jumapili, nawe umemwitikia "ndiyo shangazi" huku macho yako yakiwa kwenye simu. Isitoshe, unakwenda jeshini. Huko wapo watu wanaolipwa mshahara ili wakuamshe.

Mimi nina jambo moja tu. Wiki hii nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara nne. Mara ya kwanza tulikuwa tunachambua kahawa, nikaishia kukuuliza kama umenunua tochi. Mara ya pili nikakuuliza tena habari za tochi, ukacheka, ukasema baba yako anazeeka. Unanijua mimi si mtu wa kunyamaza. Nikibishana na mnunuzi wa kahawa hata wapita njia husimama. Lakini neno hili kila nikilianza naishia kwenye tochi.

Kilichonisukuma ni kitenge. Jana ulipokuwa unapanga begi nilikuletea kile cha kijani cha mama yako, nikidhani utakihitaji huko kwenye baridi au joto, sijui. Ulikikunja vizuri, ukanirudishia mapajani, ukasema, "Baba, hicho acha. Kibaki tu hapa." Hukusema kwa hasira. Ningeona nafuu kama ungesema kwa hasira. Nilikirudisha sandukuni, na nilipofunga kifuniko nikajua kwamba kesho utapanda basi ukiwa na kinyongo na mama yako kwa kosa ambalo si lake. Ni langu.

Nimeshaliandika. Sasa nikueleze vizuri, maana maisha yako yote umepewa nusu ya habari hii, na nusu yenyewe ilikuwa ya uongo.

Unakumbuka ulivyorudi mwaka jana kutoka kwenye usaili wa urubani wa jeshi. Ulikuwa umepita kila kitu, masomo, mbio, mahojiano, hadi nikawa nawatambia watu hapa kijijini Ruanda kwamba mtoto wangu ataruka juu ya mashamba yao na wasipotunza miti atawaona. Halafu ukafika kwa daktari wa masikio. Akachungulia sikio lako la kushoto, akakuambia ngoma ya sikio ina tundu, na mwenye tundu kama lile hawezi kuwa rubani, kwa sababu hewa inavyobadilika kule juu itamwumiza. Akakuuliza lilianza lini. Ukamwambia ulipokuwa na miaka tisa uliugua sikio, na mama yako akakumwagia mafuta ya moto.

Ulifika nyumbani na begi lilelile, bado limefungwa. Ulikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, ukaniambia yote bila kulia, kisha ukasema, "Mama ndiye aliyeniharibia, baba. Sitaki kumsema vibaya, marehemu, lakini ndiye." Ukainuka, ukaitoa picha yake ukutani, ukaiweka kabatini uso ukiangalia chini. Pembeni yake kilikuwepo cheti changu cha kahawa bora. Hicho ulikiacha.

Nami nikaangalia. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na pumzi, na mtu wa kutetewa alikuwa kaburini hatua chache nyuma ya nyumba. Nikakuambia uende ukaoge, maji ya moto yapo.

Sasa nikupe ile nusu nyingine.

Mwaka ule uliougua ndio mwaka ambao kikundi chetu kilipata mashine ya kumenyea kahawa na tanki la kuvundikia. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anamenya kwake na kuosha kwake, na kahawa yetu ilikuwa inasemwa vibaya. Wakanichagua mimi niwe msimamizi wa ubora. Mwanangu, huwezi kujua jina hilo lilivyonilewesha. Nilitembea na kalamu mfukoni hata nikienda kunywa chai. Kahawa ya watu wote ilikuwa inaingia tanki moja, na wewe umekua nayo kazi hii, unajua: ikishamenywa inalala mle hadi ule ute ulegee, siku mbili, na kwa baridi ya hapa hata tatu. Unaishika, unaisugua kiganjani, na siku ikikwaruza kama kokoto, saa hiyohiyo unaiosha. Ukichelewa inachacha, na iliyochacha ya mtu mmoja inanukisha ya wote. Nilikuwa nawaambia wanakikundi kwamba kahawa ikiwa tankini haina msiba wala harusi. Walicheka, nami nikaona nimesema neno la maana sana.

Ijumaa jioni ulirudi kutoka shuleni ukishika sikio. Mama yako akakufunga kitambaa cha joto. Akaniambia, "Baba Edina, kesho tumpeleke." Nikamwambia kesho kuna kumenya, mafua tu hayo, yatapungua.

Jumamosi ulikuwa na homa. Ulikuwa unalia huku unagongagonga kichwa kwenye mto, na nisamehe kukuandikia hivi, lakini nataka ujue kwamba nilikuona. Sikuwa mbali. Nilikuja mara mbili kuchukua ndoo. Pikipiki ya baba yako mdogo Lackson ilikuwepo, lakini ilikuwa inabeba magunia ya kahawa mbivu kutoka mashamba ya chini, na mimi ndiye niliyempangia zamu. Ningesema neno moja, angekufikisha hospitali ya misheni kabla chai haijapoa. Sikulisema. Watu wawili wa kikundi walikuwa wamekwenda kwenye mazishi licha ya maneno yangu, na nilikuwa nimewakasirikia, nikajiambia kwamba msimamizi akiondoka naye, atawaambia nini wenzake wakirudi?

Mama yako hakunibishia. Unakumbuka hakuwa mtu wa kubisha. Aliingia ndani, akakubeba mgongoni ukiwa na miaka tisa, miguu yako ikining'inia hadi magotini pake, akakufunga na kitenge. Kile cha kijani, alichokinunua ng'ambo ya mpaka siku alipokwenda Tunduma akavuka kumwona dada yake anayeishi Nakonde. Akashika njia kwa miguu. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa mtu asiye na mzigo.

Nilipoambiwa ameondoka, nilimtuma Lackson amrudishe. Hiyo ndiyo sehemu niliyoikata na kuiandika upya mara mbili. Sikumtuma ampeleke hospitali. Pikipiki ile ile, mafuta yale yale, barabara ile ile, nami nikamwambia, "Mrudishe, mikono ya kuosha haitoshi, tutampeleka Jumatatu." Lackson alimkuta amefika mtoni, amekaa kwenye jiwe, amekupakata, anakunywesha maji kwa kiganja. Lackson aliniambia baadaye kwamba alimsihi wasogee tu mbele, wasinisikilize. Mama yako akamwambia, "Ataona umemdharau, wewe ni mdogo wake. Turudi."

Alirudi kwa sababu ya heshima yangu. Usiku ule ndipo alipopasha mafuta ya alizeti na kitunguu swaumu, kama mama yake alivyokuwa akifanya kule Ileje, akadondosha sikioni matone machache, ukapiga kelele. Hayo ndiyo unayoyakumbuka. Hukumbuki mto, hukumbuki mgongo, hukumbuki alivyokaa amekuegemeza kifuani hadi asubuhi. Unakumbuka mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo yaliyouma.

Jumapili kahawa tuliyomenya Ijumaa ilikwaruza. Tuliosha tangu alfajiri, hatukwenda kanisani, na mama yako alikuwa kwenye mfereji wa pili wa kuoshea, miguu majini, akiinua kichwa kila mara kuangalia nyumbani. Wewe uliachwa na bibi yako. Kutoka kule mferejini tulikuwa tunakusikia. Kila mtu alikusikia, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu msimamizi hakusema kitu. Ilipofika kama saa saba mchana, ukanyamaza.

Nikamwambia mama yako, "Unaona? Amepona."

Nilifurahi, Edina. Naapa nilifurahi. Nilipiga hata mluzi. Yeye aliacha ndoo palepale akakimbia, na alipofika akakuta umelala usingizi mzito na mto umelowa usaha na damu. Maumivu yalikwisha kwa sababu ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka. Mimi nilikuwa napiga mluzi wakati ule ule.

Jumatatu nilikupeleka mwenyewe, kwa pikipiki, mama yako akikushikilia nyuma, nikiwa nimevaa shati safi. Mganga wa pale alikuwa mzee mkali. Alipoangalia akauliza nani ameweka kitu humu ndani. Mama yako akasema, "Ni mimi, daktari." Akamsema kwa muda mrefu, mbele ya foleni nzima, kwamba wanawake wa vijijini mnaua watoto kwa mafuta yenu. Mama yako aliangalia chini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kofia mkononi, na nilichokuwa ninawaza ni kwamba, ahaa, kumbe ni mafuta.

Unaona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya? Sikuambiwa nidanganye. Nilipewa tu mwanya, nikapita.

Tulipokuwa tunarudi, wewe ukiwa katikati yetu umelala, nilimwuliza kwa nini hakumwambia mganga kwamba tulichelewa. Akanijibu, "Ningemwambia nini, kwamba mume wangu alikuwa anaosha kahawa?" Hakusema kwa ubaya. Jambo lile hatukulirudia tena hadi anakufa. Msimu uleule kahawa yetu ilisifiwa kuliko ya vikundi vyote, nikaitwa mbele, nikapewa cheti. Yeye ndiye aliyekipigia msumari ukutani.

Nataka niseme na jambo jingine, maana nikiliruka nitakuwa nimekuficha tena. Ulipokuwa darasa la tano nilikuchapa nikidhani una kiburi. Nilikuwa nakuita ukiwa umepanda kwenye kichanja unatazama ndege inayoshuka kwenda uwanja wa Songwe, nikakuita mara tatu hukuitika, nikaja na fimbo. Ulishangaa. Ulinitazama kwa namna ya mtu asiyejua kosa lake. Nilikuwa nimesimama upande wako wa kushoto. Mama yako aliniambia jioni, kwa sauti ya chini, "Ukimwita, mwitie upande wa kulia." Tangu siku hiyo sijawahi kukuitia upande wa kushoto, na hujawahi kuniuliza kwa nini baba yako huzunguka kabla ya kusema nawe.

Alipougua ile kansa, miezi ya mwisho, nilidhani ataniambia nikueleze. Hakuniambia. Siku moja wewe ulikuwa umemletea uji, ukatoka, akakusindikiza kwa macho, akasema, "Huyu mtoto anapenda ndege. Usimkatalie." Basi. Hakutaja sikio. Labda alidhani nitajua mwenyewe cha kufanya. Alikuwa akinidhania mengi mazuri, yule mwanamke, na ndiyo maana kumkumbuka kunaniumiza.

Sasa kuhusu kaburi. Mwaka jana baada ya mavuno, ndugu zake walipopanda kutoka Ileje kuja kulijengea, wewe ndiye uliyesubiriwa. Kwetu mtoto ndiye anayeweka sementi ya mwisho, hata akiwa mdogo wa kushikwa mkono, na mama yako hakuwa na mtoto mwingine. Ulijifungia chumbani ukasema sikio linauma. Mjomba wako aliniuliza mara mbili kama kuna jambo. Nikamwambia umeathiriwa na habari ya jeshi, una homa. Chakula kililiwa, maombi yakafanyika, wakaondoka wakinong'ona kwamba binti amekuwa wa shule sana. Niliwaacha wakusengenye. Ilikuwa rahisi kuliko kuwaambia kwamba mtoto amekasirikia mtu ambaye siye.

Na bado nilikuwa sijafika mwisho wa woga wangu. Tulipokwenda Mbeya kwa upasuaji wa kuziba lile tundu, ukiwa umeshalazwa usingizi, daktari alitoka akaniuliza historia. Nikampa ileile, ya mafuta. Kijana yule akatikisa kichwa. Akasema, "Mzee, matone ya mafuta hayatoboi. Ni usaha uliosukuma kutoka ndani. Mlikaa naye siku ngapi kabla ya kumpeleka hospitali?"

Nikamwambia sikumbuki.

Siku tatu, Edina. Nazikumbuka saa kwa saa. Ulipozinduka, kichwa kimefungwa bandeji, ukaniuliza daktari amesemaje, nikakuambia amesema utapona. Ni kweli alisema. Lakini nilikuwa na neno la kumsafisha mama yako likiwa bado la moto kwenye masikio yangu, na nilikaa nalo kwenye basi kutoka Mbeya hadi Mlowo tunaposhukia, umeniegemea bega, na nikakaa nalo miezi yote hii hadi sikio likapona, hadi ukaitwa tena, hadi jana uliponirudishia kitenge.

Kwa nini? Nimejiuliza leo mchana kutwa. Jibu silipendi. Wewe ndiye mtu pekee duniani anayeniona mimi kuwa mtu mkubwa. Wanakikundi wananijua, Lackson ananijua, wananiheshimu kwa kiasi. Wewe ulikuwa unawaambia walimu wako kwamba bidii umeirithi kwa baba. Niliogopa kuipoteza heshima hiyo. Kwa hiyo nikamchukua marehemu, asiyeweza kusema, nikajikinga naye. Hata nikiiandika hivi naona aibu inanipanda hadi masikioni.

Kuna siku ulikuwa unasoma kwenye simu yako ukanisimulia kwamba rubani akikosea, hata kosa dogo ambalo hakuna aliyeliona, anatakiwa aseme akishuka, kwa sababu asiposema, mwenzake atakayepanda ndege ileile kesho atakufa. Ulisema kwa ushabiki tu, ukaendelea na habari za injini. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Sina la kukufundisha kuhusu ndege. Ila kuhusu hilo moja nina uzoefu wa kutosha upande wa pili, wa asiyesema. Inaanza ndogo. Unanyamaza siku ya kwanza kwa sababu watu ni wengi, siku ya pili kwa sababu ulinyamaza jana, na baadaye unakuwa ni mtu ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya kutokusema. Wakikupigia kelele huko, wakikucheka, wewe sema. Uumie siku hiyo moja, yaishe.

Najua pia kwamba bado hujavuka. Watakupima tena hukohuko, na sikio lililozibwa si kama lile ulilozaliwa nalo. Inawezekana wakakurudisha. Wakikurudisha, usirudi na jina la mama yako mdomoni. Rudi na langu. Nitakuwa nyumbani, utanisema utakavyo, sitajibu. Nawe wakikupitisha, siku ukiwa juu peke yako, ujue kwamba wa kwanza aliyekubeba kukupeleka mbele alikubeba na kitenge, kwa miguu, akiwa ameniasi mimi kwa mara moja tu katika ndoa yake, na nikamrudisha.

Sikuombi unisamehe. Si kwamba sitaki. Nataka sana. Lakini ukipewa ombi leo na basi ni kesho, utajikuta unasema "yameisha baba" ili tu uondoke vizuri, kwa kuwa wewe ni mtoto mwema. Sitaki uyamalize kwa ajili yangu. Kaa na hasira yako ya kweli, safari hii iende kwa mwenyewe.

Nilifikiri nikuwekee barua hii chini ya begi, uikute huko mbali. Nikaona huo ni woga mwingine. Nitakupa mkononi leo baada ya kula, niende kulala kwa Lackson, ili usome ukiwa na nyumba peke yako na usilazimike kuniangalia usoni.

Picha ya mama yako nimeirudisha ukutani. Cheti nimekitoa. Nilitaka kukichoma, lakini nikaona hilo ni tamthilia ya mzee, nimekitia tu kwenye droo ya misumari.

Kule kaburini, fundi aliacha sehemu ndogo upande wa miguu bila sementi, upana wa kiganja. Mimi ndiye niliyemwambia aiache, nikamdanganya kwamba utaiziba ukipona homa. Imepitiwa na mvua zote za mwaka huu. Nimeacha pale sementi kidogo ndani ya mfuko wa nailoni, kopo la maji na mwiko. Kitenge kimetundikwa kwenye waya wa kichanja. Ukivipita vyote na kwenda zako, sitauliza.

Na neno la mwisho, la kahawa. Ile ya juzi bado ipo tankini. Nimetoka kuishika sasa hivi, naona kesho alfajiri itakwaruza, saa ileile basi lako linapopita Mlowo. Lackson anakwenda Tunduma usiku huu huu na gari la mbolea, na wenzangu wote kesho wana zamu kwenye mashamba yao. Ni ya kwangu peke yangu safari hii, si ya kikundi. Hakuna wa kuiosha.

Najua haifuti chochote. Siku zile tatu hazinunuliwi kwa ndoo chache za kahawa iliyochacha. Lakini saa kumi na nusu nitakuwa mlangoni kubeba begi lako. Ukisema nisikusindikize, nitaliweka chini nikae hapohapo kizingitini hadi nisikie basi limepita. Kwa vyovyote vile, mama, tankini sitakwenda.

Baba yako.